Sinema, Taarab na Leso: Nani Alimwiga Nani?



Kila mazungumzo ya taarab yanapozuka baina yetu tulio nje, haupiti muda ila mtu huitoa ile hukumu ya zamani: kwamba taarab ya Unguja ndiyo ya asili, na ile ya Mombasa iliyofuata mahadhi ya filamu za Kihindi ni ya kuiga tu, eti "taarab ya sinema". Nimeisikia hukumu hii Muscat kwenye kahawa, nimeisikia London kwenye arusi, na nimeisikia kwa wasomi ambao kwa mambo mengine hawasemi neno bila ya kulipima. Mie ni mtoto wa Mombasa, Mji wa Kale, na tangu utotoni ni mpenzi wa vitu vitatu ambavyo watu huvitenga: sinema, taarab ya jukwaani, na nguo. Basi leo nataka kuijibu hukumu hiyo kwa historia, si kwa hamaki.

Hoja yangu ni fupi. Vitu hivi vitatu pwani kwetu havikuwa vitatu. Vilikuwa mzunguko mmoja, na waliouzungusha zaidi ni mama zetu. Tukiutazama mzunguko wote, lile swali la nani asili na nani mwigaji linapoteza maana. Na ushahidi wa mzunguko huu haumo katika nyaraka za serikali yoyote. Umo katika masanduku yetu, na unapotea.

Kabla ya sinema

Tuanze kwa kuulizana hiyo asili iko wapi. Wengi wetu tumefundishwa kuwa taarab ya Unguja inaanzia kwa Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, ambaye alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, ambacho kipo hadi leo. Walikuwa wakiimba kwa Kiarabu, nyimbo za Misri, kwa ala za Misri. Sasa jee, huku si kufuata mahadhi ya watu wengine? Simaanishi kuwavunjia heshima Ikhwani Safaa, hasha. Nasema tu kwamba mwanzo wenyewe ulikuwa ni safari ya kwenda kujifunza ng'ambo.

Halafu akaja Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, aliyeimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akapanda meli na wenzake kwenda Bombay kurikodiwa na kampuni ya HMV. Tulizingatie hilo. Santuri za kwanza zilizomfanya Mswahili asikie lugha yake ikitoka kwenye gramafoni zilirikodiwa India. Yaani kabla hapajakuwa na filamu hata moja ya Kihindi yenye sauti (ya kwanza, Alam Ara, ilitoka 1931), taarab yetu tayari ilikuwa imesimama mguu mmoja Cairo na mguu mmoja Bombay.

Na nguo nazo? Zilikuwepo jukwaani zamani zaidi. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ameandika kwa kirefu kuhusu vyama vya lelemama. Vyama kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana kwa ngoma, kwa karamu na kwa mavazi, ushindani ambao haukuwa mchezo kwa mfuko wa mtu. Terence Ranger naye, mwaka 1975, alieleza habari za beni, ngoma iliyochukua bendi na sare za kijeshi za Kizungu ikazigeuza kuwa mashindano ya mitaa. Kwa hiyo mtu wa pwani alikuwa tayari ana desturi ya kuchukua kitu cha mgeni, kukivaa, kukicheza, na kukitumia kumshinda jirani yake. Sinema ilipokuja ilikuta nyumba imeshafagiwa.

Jengo na skrini

Unguja, jumba la Royal lililosanifiwa na J. H. Sinclair lilifunguliwa mwaka 1921. Baadaye likaitwa Majestic, likaungua 1953, likajengwa upya 1955 kwa ule mtindo wenye mistari ya mviringo ambao wengi wenu mnaukumbuka. Sultana ilifunguliwa 1951, na baada ya Mapinduzi ikaitwa Cine Afrique. Kwetu Mombasa tulikuwa na Regal, Naaz, Majestic yetu wenyewe, na Kenya Cinema. Dar walikuwa na Avalon, Empire, Empress na nyenginezo.

Laura Fair, ambaye kitabu chake cha 2018 juu ya sinema Tanzania nakisihi kila mmoja wetu akisome, anasimulia jinsi mkanda mmoja wa filamu ulivyoweza kuonyeshwa katika majumba mawili usiku mmoja, huku kijana wa baiskeli akikimbia na makasha ya mikanda kutoka jumba moja hadi jengine. Anaeleza pia maonyesho ya zanana, ambayo waliingia wanawake tu, na matinee ya Jumapili ambayo tiketi zake zilikuwa zikilanguliwa. Nawaomba mlifikirie jambo hili kwa uzito wake. Mwanamke aliyekuwa haendi sokoni mchana, aliyekuwa akitoka usiku kwenda kuwapa mkono jamaa, alikuwa na mahali pa kwenda hadharani, na wenziwe, bila ya mtu kumuuliza. Alikwenda amevaa. Na chini ya buibui palikuwa na nguo iliyoshonwa kwa siku ile.

Filamu zenyewe zilikuwa za Kihindi na za Kimisri zaidi, na za Kimarekani kwa vijana wa kiume waliopenda mabunduki. Umm Kulthum alicheza filamu 6, ya kwanza Widad mwaka 1936 na ya mwisho Fatma mwaka 1947. Mohammed Abdel Wahab alikuwa ameshaanza tangu 1933. Kwa hiyo hata ile Misri ya wapiga fidla wa Unguja, ambayo twaambiwa ni asili safi, kwa sehemu kubwa iliwafikia watu kwa njia ileile iliyoileta Bombay: santuri, redio, na skrini. Kumbe sote tuliketi kwenye viti vimoja!

Awaara, na wimbo uliosafiri

Filamu moja inatosha kuonyesha ninachokisema, nayo ni Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951. Fair ameandika jinsi ilivyopendwa Zanzibar, na wazee wengi wa rika la mamangu hata leo watakusimulia hadithi yake yote bila ya kujua Kihindi. Kwa nini filamu hii na si nyengine?

Watu husema ni nyimbo, na kweli nyimbo ni tamu. Lakini tazameni kisa chenyewe. Hakimu mkubwa anamfukuza mkewe mjamzito kwa shaka kuwa amevunjiwa heshima na jambazi. Hakimu huyo anaamini kuwa mtoto wa mwizi ni mwizi, na mtoto wa mtu mwema ni mwema. Mwanawe mwenyewe anakulia mtaani, analelewa katika wizi na jambazi yuleyule, na mwisho anasimamishwa kizimbani. Anayemtetea ni Rita, yaani Nargis, mwanamke wakili.

Sasa mchukueni mtazamaji wa Unguja au Mombasa wa mwanzo wa miaka ya 1950. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja 1897 na pwani ya Kenya 1907. Nyumba nzima za watu walio hai wakati ule zilikuwa zikiulizana kwa sauti ya chini: huyu ni mtoto wa nani? Babake alikuwa nani? Anaoleka? Swali la nasaba ndilo lililokuwa likifunga na kufungua milango ya ndoa. Halafu wanakaa gizani, watu wa kila kabila na kila hali, wanaona hakimu mwenye nasaba yake akiaibishwa na mwanawe mwenyewe. Hii haikuwa filamu ya Wahindi kwa mtu wa pwani. Yalikuwa ni mashitaka dhidi ya barazani kwetu, yakisemwa na mtu wa mbali ili mtu wa karibu asione haya.

Na katika filamu hiyohiyo mna ndoto ndefu mashuhuri, na ndani ya ndoto mna wimbo alioimba Lata Mangeshkar kwa muziki wa Shankar na Jaikishan. Wanaoijua Misri wameshatambua zamani kuwa mahadhi yake yanatokana na wimbo uliotungiwa muziki na Riyad al-Sunbati, ambao umo katika Widad ya 1936. Basi fuateni safari: wimbo unazaliwa Cairo, unahamia Bombay, unavishwa maneno ya Kihindi na mawingu ya moshi, kisha unatua katika ukumbi wa Unguja, mbele ya watu waliokwishaujua kutoka Misri. Mpenzi wa taarab ya "asili" akiusikia anasema, "Huu ni wa Umm Kulthum." Mpenzi wa sinema anasema, "Huu ni wa Nargis." Wote wawili wasema kweli. Na nyote mnaona kuwa Bombay yenyewe ilikuwa ikichukua kutoka Cairo, na Cairo ya Abdel Wahab ikichukua kutoka Ulaya, na hapana aliyewaita waigaji.

Kazi ya mtunzi

Tuje Mombasa sasa. Yaseen Mohamed, na baada yake Mohamed Khamis Juma Bhalo aliyefariki mwaka 2014, waliifanya taarab ya mahadhi ya Kihindi kuwa sauti ya mji. Zana zilikuwa harmoniamu, tabla na ile taishokoto, kinanda cha nyuzi chenye asili ya Japani, ambacho vidole vyetu vilikigeuza Mswahili. Andrew Eisenberg aliandika mwaka 2017 juu ya jambo hili, hasa kuhusu sauti ya Bhalo na jinsi ilivyoweza kuwa ya Kihindi na ya Kimvita kwa wakati mmoja, na namshukuru kwa kulichukulia kwa uzito unaostahili.

Lakini mie nataka kusema habari ya upande ambao wasikilizaji wa haraka hawauoni: upande wa mtunzi. Shairi letu la kawaida, kama mjuavyo, lina mizani 16, 8 kwa 8, vina vya kati na vya mwisho. Wimbo nao una mizani 12, 6 kwa 6. Mahadhi ya filamu hayajui habari hiyo. Yana kipokeo kifupi kinachorudi, halafu beti ndefu zinazopanda juu na kukatika, halafu mahali pa kunyamaza ambapo Lata au Mohammed Rafi anavuta pumzi. Mtunzi wa Mombasa alipewa chombo hicho na kuambiwa, haya, tia Kiswahili. Ilimbidi ahesabu mizani kwa sikio, kina kidondoke palepale mahadhi yanapotua, neno lisikatwe katikati na tabla, na juu ya yote maana isimame yenyewe, iwe na fumbo, iwe na adabu. Maana ya Kihindi haikumsaidia kitu, kwani wimbo wa mapenzi wa Bombay aliweza kuugeuza kuwa wasia, au kilio cha yatima, au kijembe.

Na waliofanya kazi hii hawakuwa watu wa kubahatisha. Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwenye Malenga wa Mvita (1971), ambaye kwenye vyuo vikuu twamsoma kwa miwani na kalamu, ndiye huyohuyo aliyemtungia jamaa yake Juma Bhalo nyimbo nyingi. Ajabu iliyoje, kumsifu mtu darasani na kumdharau ukumbini, na mashairi yametoka mkono mmoja!

Haki yao niwape walioshika upande wa pili. Zein l'Abdin, bingwa wa udi, alishikilia kuwa tuna ngoma zetu na mahadhi yetu ya kutosha, na aliimba maneno ya Sheikh Ahmad Nabhany kwa mapigo ya kwetu. Namheshimu, na santuri zake ninazo. Lakini yeye alikuwa fundi aliyechagua njia yake na kuifanyia kazi. Wengi wanaorudia maneno yake leo hawakufanya kazi wala kuchagua. Wanarudia tu.

Nguo ilivyoingia ukumbini

Wasiowahi kuhudhuria arusi ya kwetu hudhani taarab ni mwimbaji akiimba na watu wakisikiliza. La. Ubeti unapogusa mahali, mwanamke anainuka, anatembea taratibu kutoka kiti chake hadi mbele, noti imekunjwa kidoleni, anamtunza mwimbaji, na anarudi. Safari ile ya hatua ishirini ndiyo tamasha. Kelly Askew, katika kitabu chake cha 2002 kuhusu muziki na siasa Tanzania, alionyesha Tanga jinsi kutunza kunavyotumika kusema ugomvi bila ya kuutaja: anayeinuka kwa ubeti fulani amejieleza, na anayelengwa amejijua. Sasa niambieni, mtu atakwenda hatua zile ishirini akiwa amevaa nini?

Hapo ndipo fundi cherehani alipoingia katika historia ya muziki. Mwanamke alikwenda sinema Jumapili, na Jumatatu alikuwa kwa fundi akieleza kwa mikono: shingo ilikuwa hivi, mkono ulikuwa hivi, kiuno kimebanwa hapa. Fundi naye alikuwa ameiona filamu ileile. Mama yangu mdogo alijikata nywele za paji la uso kama Sadhana, mtindo ulioanza na filamu Love in Simla ya 1960, akapigiwa kelele na bibi yangu wiki nzima, na wiki ya pili wenziwe wanne wamekata. Ilipokuja Bobby mwaka 1973, kila mtoto wa kike wa rika langu alitaka kitambaa cha madoadoa kama cha Dimple Kapadia. Nguo hizo hazikuvaliwa njiani. Zilivaliwa kwenye kupamba, mbele ya wanawake watupu, chini ya taa, wakati mwimbaji akiimba kwa Kiswahili mahadhi ya filamu iliyotoka nguo. Mzunguko umetimia: skrini, fundi, ukumbi.

Na leso ndiyo iliyofunga fundo. Nyinyi wa Unguja mwaiita kanga, sisi Mombasa ni leso, neno ambalo ni la Kireno, na masimulizi yanasema kina mama wa karne ya 19 walinunua vitambaa vya leso vikiwa bado havijakatwa, wakakata vitatu vitatu na kuunga mistari miwili ikawa nguo moja. Tangu 1887 Kaderdina Hajee Essak, wa "Mali ya Abdulla", wanauza leso Mombasa, na jina hilo mnalisoma ukingoni hadi leo. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno, ambayo zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Fair, katika maandishi yake ya awali, alionyesha jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoitupa kaniki na kuvaa kanga, kwa sababu nguo ndiyo iliyotangaza kuwa mtu ni huru. Kwa hiyo tangu mwanzo leso ilikuwa ni tamko.

Leso nayo ilikuwa na mazungumzo na taarab. Maneno ya wimbo uliopendwa yalionekana kwenye leso, na jina la leso lililochoma lilizaa wimbo. Mamangu aliwahi kununua doti moja kwa ajili ya jirani mmoja tu. Hakumpa. Aliianika kwenye kamba siku tatu, upande unaoelekea dirisha la jirani, jina likisomeka. Siku ya nne jirani akaja na sahani ya viazi vya karai, wakapatana. Hakuna neno lililosemwa. Kwenye arusi iliyofuata walivaa sare.

Serikali nayo ilijua

Wanaoona mambo haya ni upuuzi wa wanawake na vijana, wawaulize wakubwa wa miaka ya 1960, ambao hawakuyaona upuuzi hata kidogo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kupiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1, 1969. Unguja baada ya 1964 majumba ya sinema yalichukuliwa na serikali, filamu zikachunguzwa, na vijana wa bugaluu na nywele ndefu wakaandamwa. Thomas Burgess, katika makala yake ya 2002, aliviweka pamoja sinema, bugaluu na sketi fupi, na alikuwa na haki, kwa sababu wale wakubwa wenyewe waliviona pamoja. Walifahamu kuwa kijana aliyejifunza skrini namna ya kuvaa amejifunza pia kujichagulia.

Linalonichekesha kidogo, ingawa si la kucheka, ni kwamba hao waliotaka utamaduni wa asili na hao wanaotuambia leo taarab ya Mombasa ni ya kuiga, hoja yao ni moja. Wote wanaamini kuwa uko mstari safi, upande huu sisi, upande ule wageni. Pwani yetu haijawahi kuwa na mstari huo. Bahari haina mstari.

Kufungwa kwa milango

Baadaye likaja la televisheni, Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1970 na bara ya Tanzania 1994, na katikati yake video. Mwanamke hakuhitaji tena kutoka Jumapili. Filamu ilimfuata sebuleni. Majumba yakafungwa moja moja, mengine yakawa maghala na maduka. Taarab nayo ikabadilika: miaka ya 1990 TOT na Muungano wakaleta ushindani wa mipasho, Khadija Kopa na Nasma Khamis wakaifanya Dar nzima ichukue upande, kinanda cha umeme kikachukua nafasi ya fidla, na watazamaji wakainuka kucheza. Wazee walilalamika. Lakini ukiitazama kwa jicho la lelemama utaona ni mashindano yaleyale yamerudi na spika kubwa.

Mambo hayakufa yote. Tamasha la filamu la Zanzibar lilianza mwishoni mwa miaka ya 1990, Sauti za Busara 2004, na maonyesho ya mitindo ya Swahili Fashion Week Dar mwaka 2008. Kila kimoja ni kizuri. Ila tazameni: filamu kivyake, muziki kivyake, nguo kivyake, kila kimoja na tiketi yake na wafadhili wake. Lililokuwa fundo moja limefunguliwa nyuzi tatu.

Sasa la kwetu sisi

Ndugu zangu, hapa ndipo nilipokuwa nikielekea. Mwaka 2013 British Museum walionyesha nguo za Afrika, na leso zetu zilikuwemo. Nilikwenda. Zimetunzwa vizuri kuliko sisi tunavyozitunza. Jumba la makumbusho laweza kukwambia kitambaa ni pamba, kimepigwa chapa wapi, kimepatikana mwaka gani. Haliwezi kukwambia kilianikwa kwa ajili ya nani. Hilo halimo kwenye uzi. Limo kwenye vichwa vya mama zetu, na mama zetu wanaondoka.

Na kaseti ni vilevile. Taarab nyingi ya Mombasa haikurikodiwa studio. Ilirikodiwa arusini, ikauzwa kwa kaseti na watu kama Mbwana Radio Service, ikanunuliwa na waliokuwa wakisafiri, ikafika Muscat, Dubai, Jedda, London, Toronto. Yaani huenda usiku fulani wa Juma Bhalo haupo tena popote Mombasa, ila upo katika sanduku la mtu Leicester, chini ya mablanketi, na mtoto wa mtu huyo hana hata chombo cha kuupigia. Utepe wa kaseti haungoji. Unakauka, unanata, sauti inazama.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na hayahitaji mfadhili.

Kwanza, kila mwenye kaseti azihamishe kwenye kompyuta mwaka huu, na aandike kwenye faili: arusi ya mtaa gani, mwaka gani au karibu na upi, na mahadhi yametoka filamu gani kama yajulikana. Wapenzi wa filamu za Kihindi mna kazi hapa, kwani nyinyi ndio mtakaoyatambua.

Pili, kila mwenye leso za marehemu mamake au bibi yake asizigawe kabla ya kuzipiga picha, pindo, mji na jina, na kuwauliza waliobaki: hii ilinunuliwa kwa nini? Ilivaliwa lini? Nani alikasirika? Swali hili la mwisho ndilo lenye historia.

Tatu, picha za arusi. Msitazame bibi arusi peke yake. Tazameni waliokaa nyuma, shingo za nguo zao, nywele zao. Tafuteni filamu ya mwaka ule. Mtashangaa.

Tukifanya hivyo, yule atakayekuja miaka hamsini baadaye kuandika juu ya pwani yetu hatalazimika kukisia. Atakuta mwanamke mmoja wa Kibokoni aliyetoka Regal Jumapili, akaenda kwa fundi Jumatatu, akanunua leso Jumanne, na Alkhamisi akainuka ukumbini kwa ubeti aliokuwa akiungojea. Aliyekuwa akichagua wakati wote huo, kutoka Cairo, kutoka Bombay, kutoka mtaa wa Biashara, alikuwa ni yeye. Mwenye kuchagua namna hiyo siwezi kumwita mwigaji.

Mwenye kunisahihisha au kuongeza, hasa nyinyi wa Tanga, Lamu na Pemba ambao sikuwagusa vya kutosha, mlango uko wazi. Naomba kuwasilisha.

Wassalaam.